Ushuru Kati ya Nachilala Mbili

Njia inayotenganisha Nachilala A na Nachilala B ina upana wa hatua tatu, nne ukiwa mtu mfupi. Zamani ilikuwa njia tu ya kwenda kwa Pili. Nyumba yangu iko upande wa kushoto ukitokea Newala, na nyuma yake ipo mikorosho yangu kumi na tisa. Nyumba yake iko upande wa pili, imefichwa kidogo na mihogo, lakini nikisimama kwenye mlango wa jiko langu nilikuwa nauona moshi wake. Watu wa wilaya walipokuja kugawa kijiji, wakisema tumekuwa wengi mno kwa mwenyekiti mmoja, mpaka wakaupitisha hapo njiani. Tulicheka siku ile. Pili akaniambia, "Sasa Mama Selestini wewe wa nchi nyingine. Ukija kwangu chumvi, njoo na hati."

"Na nyie Wayao mlivyo," nikamjibu, "hati yenyewe mtaipikia uji."

Yeye ni Mama Shamte. Huyo Shamte anauza sabuni, mafuta ya kupaka na nguo za watoto pale Mkomaindo, mjini Masasi, karibu na hospitali. Wangu, Selestini, yuko Dar es Salaam na kuandika barua kulishamshinda. Waume zetu walitangulia, wa kwangu kwanza, wa kwake miaka mitatu baadaye. Tulianza kujuana kwenye kiwanda cha korosho Newala, tulikokaa meza moja tukimenya ngozi ile nyembamba inayoishikilia korosho baada ya ganda kutoka. Kiwanda kilipofungwa, kila mtu alirudi kwake na kile alichokuwa nacho mikononi.

Mimi nyonga yangu ya kulia ina kasoro tangu nilipomzaa mtoto wa mwisho, ambaye hakukaa. Nikiinama na jembe kwa muda, mguu unakufa ganzi mpaka kwenye kisigino. Basi tukapatana, bila kikao wala shahidi: Pili alime mashamba yote mawili, lake na langu, na mimi nibangue korosho za nyumba zote mbili. Huku kwetu korosho huanza kudondoka Oktoba, na mvua za kulimia zinaingia korosho bado ziko chini ya miti. Mtu mmoja hawezi kuwa shambani na kwenye moto kwa saa ileile. Pili alikuwa anapita asubuhi na gunia lake kichwani, analitua barazani kwangu, anachukua jembe langu na kwenda zake shambani kwangu. Saa saba anarudi, tunakula, anatia neno juu ya kazi yangu, anakwenda kwake.

Kubangua kuna namna yake. Unaweka korosho kwenye bati lililotobolewa matundu, juu ya moto, unakoroga kwa fimbo ndefu kwa sababu mafuta ya ganda yakishika moto yanaruka, na yakikupata mkononi ngozi inatoka kama ya nyoka. Zikishakuwa nyeusi unazimwaga kwenye mchanga. Unajipaka majivu viganjani. Unaisimamisha korosho kwenye jiwe kwa upande wake wa mgongo, unaigonga kwa kigogo mara moja, si mara mbili. Ukigonga kwa hasira inapasuka na inakuwa vipande, na vipande bei yake ni ya kuonea huruma. Nzima ndiyo inayotakiwa na abiria wa mabasi pale Nanganga, na watu wa ofisini Masasi. Mimi nzima zangu zilikuwa nyingi. Wanawake wengine wakaja kujifunza, Cecilia wa kwanza, mpaka wakawa wanane barazani, na vigogo vyetu vikawa vinasikika tangu asubuhi hadi jua la mchana.

Kisha serikali ikaachia biashara. Zamani korosho ghafi, yaani zenye ganda lake, zilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na malipo yake ungeyasubiri mpaka usahau uliuza lini. Sasa wakaja wanunuzi wenyewe na malori, fedha taslimu mkononi, wanapima papo hapo. Korosho inapanda lori, inakwenda bandarini Mtwara, inavuka kwenda Bara Hindi kubanguliwa huko. Bei ikapanda. Waliolima wakafurahi na haki yao. Lakini sisi wabanguaji tukakosa cha kubangua, kwa sababu nani atuuzie sisi kwa bei ya zamani wakati lori limesimama na mizani iko chini? Cecilia alikaa barazani kwangu siku nne na kigogo mapajani. Siku ya tano hakuja. Baada yake wakapungua mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Nikapeleka wazo kwamba kila kilo ya korosho ghafi itakayotoka Nachilala A ilipiwe ushuru, na itakayouzwa kwa wabanguaji wa kijijini isilipiwe kitu. Kwa hiyo korosho zitabaki, kazi itabaki, na kijiji kitapata fedha ya kutengenezea tangi la maji ya mvua la shule. Niliona ni wazo zuri, na bado sioni kwamba lilikuwa la kijinga.

Mkutano ulikuwa mkubwa. Aliyepinga ni Mwalimu Erasto, aliyestaafu, ambaye aliwahi kusoma uchumi chuoni na vitabu vyake mchwa wamevila nusu. Alisimama akasema kwamba jambo hili si geni. Waingereza, karibu miaka mia mbili iliyopita, walitoza ushuru ngano ya kigeni ili ngano ya mabwana wenye mashamba isishuke bei, na maskini wa mjini wakala mkate wa ghali. Ndipo wataalamu wao wakakaa wakafikiri, wakaona kwamba kila nchi ifanye kile ambacho ikikiacha itapata hasara kubwa zaidi, na kingine ikinunue kwa wenzake, na mlango uachwe wazi.

"Na yule asiyeweza chochote kuliko mwenzake?" akauliza mwenyekiti, Nikolao.

"Hata huyo," akasema Mwalimu. "Hapo ndipo watu wanapokosea. Chukueni mfano wa Mama Shamte na Mama Selestini, mnaowajua wote. Siku moja Mama Shamte akibangua, anatoa pishi mbili. Mama Selestini anatoa pishi moja na nusu. Akilima, Mama Shamte anamaliza matuta ishirini, Mama Selestini matuta matano. Mama Shamte anamshinda kote kuwili. Lakini afanye nini? Alime. Akiacha jembe kijiji kinapoteza matuta kumi na tano, akiacha kigogo kinapoteza nusu pishi tu. Mama Selestini abangue, wabadilishane, na wote wawili wanakula zaidi. Hayo ndiyo maneno ya wale wataalamu, na hawa wameyafanya miaka yote bila kuyasoma."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Nikauliza, "Mwalimu, Mama Shamte ulimwona wapi akibangua?"

"Mwaka ule ulipolazwa Mkomaindo. Alizibangua zote, za kwake na za kwako."

Mimi nilidhani ni Cecilia aliyezibangua. Nilirudi kutoka hospitali nikakuta korosho zimepangwa, nzima kwa nzima, nikamsifu Cecilia, naye akanyamaza. Pili hakuwapo mkutanoni, kwa kuwa alikuwa wa B. Nilisimama pale na majivu bado yako kwenye kucha, nikaona miaka yote ile niliyojiona mimi ndiye fundi na yeye mkulima. Nadhani isingekuwa hilo ningesikiliza mwisho wa maneno ya Mwalimu. Badala yake nikasema kwamba hao wataalamu hawakuwahi kufika Newala, na kwamba anayetaka watoto wetu wawe wa kuchuma tu wengine wabangue, aseme waziwazi. Nikapigiwa makofi. Ushuru ukapita.

Wakafunga kamba njiani, kutoka mkorosho huu hadi mkorosho ule, na chini yake wakamweka Mzee Safari kwenye kigoda na daftari. Mzee Safari aliwahi kuwa askari, na kwake amri ni amri.

Kitu ambacho sikukifikiria ni barabara. Malori yote ya B hupita kwetu kwenda barabara kuu. Mzee Safari akasimamisha lori la kwanza, akasema korosho zinatoka Nachilala A kwa sababu hapo ndipo lori linapotokea, na akatoza hata magunia ya B. Wa B wakakasirika. Siku tisa hazikupita na wao wakakaa mkutano wao, wakaamua kwamba korosho ghafi yoyote itakayotoka B kwenda A ilipiwe, ili wabanguaji wa A wasinufaike kwa jasho la watu wa B. Kamba yao wakaifunga hatua tatu kutoka kwenye yetu.

Asubuhi hiyo Pili alikuja na gunia kichwani kama kawaida. Nilikuwa barazani nawasha moto. Nilimsikia mtu wao anamwambia, "Mama Shamte, lipia."

"Nilipie nini? Napeleka kwa Mama Selestini."

"Kwa Mama Selestini ni A."

"Wewe," akasema Pili, "mama yako alipokuzaa nani alikwenda kumwita mkunga? Si mimi na huyo wa A, usiku tumeshikana mikono?"

"Ni kweli Mama. Lakini lipia."

Pili alisimama kidogo. Akanitazama juu ya kamba zote mbili. Nilikuwa nimeshika fimbo ya kukorogea, na nilipaswa kusema neno. Nilitafuta neno gani aseme mtu ambaye ndiye aliyeanza, na nikachelewa kulipata. Akaligeuza gunia kichwani bila kulishusha, akarudi kwake.

Jembe langu halikushikwa siku hiyo. Wala kesho yake.

Unaweza kuuliza kwa nini sikwenda kwake mikono mitupu. Kamba zilikuwa za korosho, si za watu. Nimelifikiria sana hilo. Lakini kwa miaka kumi na tano hatukuwahi kutembeleana kwa kutembeleana tu. Yeye alikuja na gunia, mimi nilikwenda na korosho zilizomenywa, na maneno yote tuliyosema, ya waume, ya watoto, ya magonjwa, tuliyasema mikono ikiwa na kazi. Sisi wawili hatukujua kukaa bure. Kila nilipofika kwenye mlango nilijiuliza naenda na nini, nikarudi ndani.

Msimu ule barazani kwangu kulijaa. Wanawake wote wanane walirudi na wengine wakaongezeka, kwa kuwa korosho za A zilikosa pa kwenda na bei yake ikaanguka mpaka tukazinunua kama karanga za kuchoma. Malori yalituzunguka, yakaenda Tandahimba. Kwa muda nilijiona nimeshinda. Lakini baada ya Krismasi wenye mashamba wakaacha kuokota. Baba mmoja aliniambia usoni, "Shikamoo, Mama. Korosho zangu zitaoza chini ya miti, ndipo nitakapojua nani ananikomoa." Nikaitikia marahaba, maana shikamoo ni shikamoo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, wengi hawakupulizia miti salfa, kwa hiyo ubwiri unga, ule ukungu mweupe, ukakausha maua yao. Shamba langu nililima mwenyewe, kwa kukaa kwenye kigoda na kukisogeza, kigoda na mimi, kigoda na mimi. Nilipata matuta manne kwa siku, si hata yale matano ya Mwalimu.

Nikamwendea Mwalimu Erasto. Alikuwa anachambua kunde kwenye ungo.

"Mwalimu, wa B wasipoondoa kamba yao, mimi nikiondoa yangu si nitakuwa mjinga?"

"Kamba yao inawaumiza wao na wewe. Kamba yako inakuumiza wewe na wao. Ukiondoa yako, maumivu mangapi yanabaki?"

"Nusu."

"Basi. Hayo nayo wataalamu waliyasema."

Halafu nikamuuliza kilichonileta hasa. "Hao wataalamu wako walisemaje juu ya yule ambaye kazi yake imekwenda Bara Hindi?"

"Walisema atahamia kazi nyingine, ile inayomfaa."

"Akiwa na umri gani?"

Mwalimu akaendelea kutoa wadudu kwenye kunde. "Hawakusema," akajibu.

Ndipo nikaomba mkutano. Nilijua ninachokiweka mezani. Kamba ikiondoka malori yatarudi, korosho zitapanda lori, na barazani kwangu hapatakuwa na kigogo hata kimoja. Ikibaki, nitakuwa na wanawake wanane, na sitakuwa na Pili. Sikulala na hesabu nyingine zaidi ya hiyo. Nikachagua Pili.

Nikasimama, nikasema ushuru niliouleta naomba uondolewe.

"Mama Selestini," akasema Nikolao, "uliuleta wewe na unaondoa wewe. Sisi ni watoto wa kuchezewa?"

"Nilikosea, Mwenyekiti."

Cecilia akasimama nyuma. "Hakukosea. Anamlilia shoga yake. Mimi nina watoto watano, yeye ana mmoja na mwenyewe hakumbuki njia ya kurudi. Anatuuza sisi ili apate mtu wa kumlimia."

Hapakuwa na uongo mwingi katika maneno yale. Mikono ikahesabiwa. Wenye mikorosho walikuwa wengi kuliko wenye vigogo. Mzee Safari alikwenda kuikunja kamba yeye mwenyewe, akaikabidhi kwa mwenyekiti pamoja na daftari, akaomba asainiwe. Wanawake wa barazani walikuja kesho yake kuchukua mawe yao na mabati yao. Hata Cecilia alisema kwaheri, akiangalia pembeni.

Malori yakarudi msimu ulipofika. Kamba ya B ikakaa wiki chache ikiwa haikamati mtu, kisha mtu akaichukua kufungia mbuzi. Bei ikawa nzuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mwalimu Erasto hakujisifu, na kwa hilo namheshimu.

Nilimsubiri Pili. Kila asubuhi niliwasha moto, nikaweka bati, nikakaa. Wiki ya kwanza nilijiambia hajasikia. Wiki ya pili nilijiambia anaumwa. Ya tatu nilijifunga kanga, nikavuka.

Nilipitia jikoni kama siku zote, lakini mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani, ikanibidi kuzunguka mbele na kupiga hodi. Pili akatoka. Alikuwa amekonda kidogo, na kanga yake ilikuwa mpya.

"Karibu, Mama Selestini," akasema. Akaingia ndani, akatoka na kiti. Kile kiti cha miguu minne, cha wageni, chenye kitambaa cha kufuma. Kwa miaka yote niliyomjua nilikuwa nakaa chini, kwenye mkeka, au kwenye kinu kilicholazwa. Akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaniwekea. Kisha akaleta maji kwenye glasi, juu ya kisahani.

Nikakaa kwenye kiti kile. Nikanywa maji yale.

"Habari za huko?"

"Nzuri. Za huku?"

"Nzuri."

Nyuma yake niliona magunia matatu yameshonwa midomo, tayari kwa lori. Nikasema, "Kamba zimeondoka."

"Nimeona. Nimesikia pia ulivyosimama. Ahsante."

"Basi nilidhani ungeleta."

"Nilete zibanguliwe?" Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Mwenzangu, tuambiane ukweli. Sasa hivi nikimpa yule wa lori zikiwa na ganda, napata karibu sawa na zile tulizokuwa tunapeleka Nanganga, na moto haujaniunguza, wala basi halijanitikisa. Kubangua kwa ajili ya nini?"

"Mwalimu alisema unanishinda kubangua."

Pili akatazama miguu yake. "Mwalimu ana mdomo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Ulikuwa unaipenda kazi yako. Na mimi nilipenda kulima shamba lako, udongo wake ni mwepesi kuliko wangu." Akakung'uta vumbi miguuni. "Siku ile njiani, mimi sikujali ile fedha. Nilikungoja useme kitu. Hata unitanie tu, useme Myao rudi kwenu. Ningelitupa gunia juu ya kamba na kulifuata."

"Nilikuwa natafuta neno."

"Najua. Nilikuona unalitafuta."

Tukakaa. Kuku alipita, akaokota kitu, akaenda. Nikamuuliza, "Nije kesho?"

Pili hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Uje kufanya nini?"

Lilikuwa swali lilelile la mlangoni kwangu msimu mzima. Akaniambia kwamba jambo lenyewe ni kuwa kesho kutwa anakwenda Masasi. Shamte amepata sehemu ya pili ya kuuzia pale Mkomaindo, anahitaji mtu wa kukaa na mzigo, na yeye Pili amegundua mwaka ule wa kamba kwamba anaweza kuuza. Alipeleka mihogo na njugu mawe Masasi mara tatu, na kila mara alirudi mikono mitupu, vyote vimeuzwa. Shamba lake amemkodishia jirani. Atakaa huko mpaka mvua ziishe, au zaidi.

"Utaiweza kazi ya kukaa?" nikamuuliza.

"Tutaona," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wewe Mmakonde ndiye usiyejua kukaa."

Alinisindikiza mpaka njiani, kama anavyosindikizwa mgeni, akarudi.

Siku aliyoondoka nilisikia basi, sikutoka. Jumatatu iliyofuata lori la mnunuzi lilisimama kwetu. Nikatoa magunia yangu matano, korosho zikiwa na ganda lake, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuitwa mama. Mnunuzi alichota konzi moja, akaikata korosho kwa kisu, akaitazama ndani, akasema ni safi. Akapima, akalipa, hakuomba nipunguze. Ilikuwa fedha nyingi. Niliifunga kwenye pindo la kanga, nikarudi nyumbani, nikaangalia jua. Ilikuwa bado haijafika saa nne, na kazi ya miezi mitatu nilikuwa nimeimaliza. Nikafagia baraza. Nikafagia tena. Kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani, mikono mapajani, nikasubiri wakati wa kupika.